Nilifunga Njia ya Makaburi Ili Mama Asifike

Kosa ni langu, msitafute mwingine. Si la shetani, wala si la pombe, maana pombe niliiacha siku nilipopata permis ya udereva. Nilifanya mwenyewe, mchana kweupe, nimevaa shati jeupe la mkutano, na watu wakanipigia makofi.

Jina msiniulize. Mimi ni chauffeur wa taxi-bus hapa Lubumbashi, na kwa miaka kadhaa wenzangu walinichagua kuwa prezida wa ligne yetu, njia ya magari yetu. Inaanzia mjini, inapita Bel-Air, inaishia njia panda ya makaburi. Kwa kusema hivyo tu kuna watakaonijua. Basi wanijue, nimechoka.

Naandika kwa Kiswahili cha katekesimu, ndicho mama alichotufundisha kuandikia barua. Lakini yale watu waliyosema nitayaacha jinsi yalivyotoka kinywani. Nikiyasafisha nitakuwa nimeongopa tena, na uongo wangu umetosha.

Kwetu Kongo tarehe mosi ya mwezi wa nane ni sikukuu ya wazazi. Asubuhi ni ya wazazi waliokufa: mnachukua jembe na ndoo ya maji, mnakwenda kulima majani ya kaburi na kusali. Mchana ni ya wazazi walio hai: mnawapelekea kuku na kikwembe kipya, yaani kitenge, mnakula bukari, ndiyo ugali wetu, pamoja. Wafu kwanza, halafu wazima. Ofisi zimefungwa siku hiyo, lakini sisi wa taxi-bus ndipo tunapofanya kazi kuliko hata Noeli.

Papa yangu alikuwa mtumishi wa reli. Alitoka kaskazini akiwa kijana, akazeekea mjini, akafia mjini. Mama amebaki Kamalondo katika nyumba ileile. Magoti yalipoanza kumsumbua aliniita, akanipa jembe.

"Weye njo mukubwa," akasema. "Ukuwe unaniendea ku kaburi."

Nikalipokea kwa mikono miwili.

Mwaka wa kwanza sikwenda. Abiria walikuwa wamejaa barabarani, nikajiambia nitakwenda Jumapili ijayo. Jumapili ikapita, mvua zikaanza. Mwaka wa pili vilevile. Nilikuwa nawashusha watu na majembe yao pale njia panda, nageuza gari, narudi kuchukua wengine. Jembe la mama lilikuwa chini ya kiti changu.

Mwaka wa tatu niliona haya, nikaacha gari na convoyeur, konda wangu, nikaingia. Jamani, sikuliona! Kaburi la papa lilikuwa udongo mtupu na msalaba wa mbao. Mbao ililiwa na mchwa, udongo ulilala, na watu walikuwa wamechimba makaburi mapya katikati ya yale ya zamani. Nilizunguka pale mpaka convoyeur akaanza kupiga honi. Na mama alikuwa nyumbani anangojea picha.

Karibu na pale nilikuwa nimeona kaburi moja la sementi lenye vipande vya vigae vya buluu. Halikuwa na jina wala msalaba, wezi wa vyuma walishaung'oa. Nikalima majani yake vizuri, nikapiga picha kwa simu, nikamtumia.

Akanipigia palepale, analia. "Mutoto yangu, ulijengea papa yako!"

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nikasema, "Ni kazi ya mutoto, mama."

Jioni hiyo Kamalondo nzima ilikwisha kujua kwamba nimemjengea baba yangu kaburi. Dada yangu aliyeolewa Kilwa yetu ya Kongo, huko ziwani ambako simu inashika siku inapotaka yenyewe, alinitumia baraka zake baada ya wiki mbili. Sasa ningerudije nyuma? Miaka sita nililima kaburi la mtu nisiyemjua, kila mwaka mapema, gari la kwanza, kabla watu hawajawa wengi. Nikapiga picha, mama akaziweka zote.

Mwaka wa saba tangu picha ya kwanza, mama alikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, pale nyuma ya nyumba yake, akatengenezesha kibao chenye jina la papa. Nilimkuta amekiweka mezani, anakipangusa kwa ncha ya kikwembe.

"Mwaka hii nitaenda miye mwenyewe," akasema. "Magoti inanihurumia kidogo. Utanibeba na bus yako, tubandike jina."

Nilisikia baridi mpaka kwenye meno. Mama alilijua kaburi la mumewe, alimzika. Hata wakiongeza makaburi elfu, angefika pale na kuona kwamba mti si ule na njia si ile.

Ndipo nikakumbuka malalamiko ya madereva. Na hapa sikilizeni vizuri, maana malalamiko yenyewe yalikuwa ya haki. Kila sikukuu watu wanapumzika, sisi tunawabeba. Pasaka tunawabeba wanaokwenda Misa, nasi Misa tunaisikia kwa dirisha. Wengi walikuwa wameshasema, tufunge walau asubuhi moja, nasi tuwaone wafu wetu. Miaka yote nilikuwa nawakatalia. Sasa nikaitisha mkutano kwenye parking.

"Bandugu," nikawaambia, "siye pia tuko na bafu betu, bazazi benye balikufa. Tunabeba bantu na majembe yabo, na makaburi ya bazazi betu inaota majani. Siye hatukuzaliwa na bantu?"

Walipiga makofi. Wengine walitikisa vichwa kwa uchungu, na mimi niliyewatia uchungu ule nilikuwa nawaza kibao cha mezani.

Papa Kasongo aliinua mkono. Huyo ni dereva mzee kuliko sote, mtu wa maneno machache. "Prezida, ile yote iko kweli. Ila kuna bazee hapana na gari, hapana na nguvu ya kutembea. Tugawanyike. Bamoja babebe bantu, bengine baende ku makaburi, kisha tubadilishane."

Shauri zuri. Mtoto mdogo angeona kwamba ni zuri. Na kwa sababu lilikuwa zuri, ilibidi nilizime.

"Papa Kasongo," nikasema, "weye unapenda kazi kuliko mama yako?"

Mama yake alikuwa amekufa mwezi wa tatu wa mwaka uleule. Akaniangalia, akaketi, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Sheria ikapita: tarehe mosi, tangu alfajiri mpaka saa sita, hakuna gari. Atakayevunja ananyang'anywa ufunguo mpaka jioni.

Nilikwenda kumwambia mama. Nilijipa sura ya mtu aliyeshindwa. "Mama, ma-bus haitatembea ile asubuhi. Bachauffeurs bote balikatala."

"Na weye prezida?"

"Na miye niko chini ya sheria, mama. Tutaenda mwaka yenye kukuya."

Akakiangalia kibao. "Haina neno," akasema.

Niliamini. Nilitoka pale nimepumua kama mtu aliyetua gunia la makaa. Mama yangu nimeishi naye maisha yangu yote na bado sikujua kwamba neno hilo kwake halina maana ya kukubali.

Siku ikafika. Mwezi wa nane kwetu asubuhi ni baridi kali na vumbi jekundu. Saa kumi na moja nilikuwa nimeshasimama kwenye parking ya mjini na madereva wanne, kulinda sheria. Watu wakaanza kuja na ndoo na majembe, wazee wamejifunika vikwembe mpaka masikio. Nikawa nawaambia, leo ni sikukuu ya kila mtu, hata ya chauffeur. Wengine walisema ni haki, wakaanza kutembea. Wengine walinilaani kimoyomoyo, niliona midomo inacheza. Moto, zile pikipiki za abiria, zilipita zimebeba watu watatu watatu.

Karibu saa tatu nikaambiwa Papa Kasongo anapakia nyuma ya soko. Nikaenda mbio na wale wanne. Kweli, gari lilikuwa limejaa wazee watupu, wametulia kwenye viti. Nikafungua mlango wake, nikanyoosha mkono.

"Ufunguo."

Akaung'oa, akanipa, bila ugomvi. Wazee wakaanza kushuka. Mmoja akasimama kando ya mtaro, akamwaga maji ya ndoo yake pole pole, kwa sababu asingeweza kuibeba mpaka kule. Mpaka leo naiona ile ndoo.

"Petit," akasema Papa Kasongo, ndivyo anavyotuita sisi wadogo wake, "asubuhi nilishafanya tour moja ya makaburi kwa siri. Kupita Bel-Air nilikuta mama yako iko natembea na miguu. Alibeba kintu ndani ya kikwembe. Nikasimama, nikamuambia, panda, mama. Akakatala."

"Alikatala?"

"Alisema, mutoto yangu njo alikataza ma-bus. Siwezi kuvunja neno yake mbele ya bantu."

"Saa hii iko wapi?"

"Saa hii? Pengine anaingia ku makaburi."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Gari lilikuwa mbele yangu, lina mafuta, na nusu ya wazee bado walikuwa ndani. Ningesema tu, Papa Kasongo nisamehe, twende. Kila mtu angefika, nami ningemkamata mama mlangoni mwa makaburi kabla hajaona lolote. Lakini wale wanne walikuwa wananiangalia. Prezida anavunja sheria yake kwa sababu ya mama yake! Niliogopa kuchekwa. Nikautia ufunguo mfukoni, nikaenda kutafuta moto.

Hakukuwa na moto. Mji mzima ulikuwa juu ya moto kwa sababu yangu. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea tena. Nilimpigia simu mama, ikalia mpaka ikachoka. Nilipishana na wazee wangu wa asubuhi wameketi kwenye mawe kando ya barabara, nikageuza uso. Bel-Air ndipo nilipopata moto moja, nikaketi wa tatu nyuma ya mtu aliyebeba jembe, na mpini ukawa unanigonga kifuani njia yote.

Makaburini nilikwenda moja kwa moja kwenye vigae vya buluu. Ningefika pale hata nimefumba macho.

Mama alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, viatu vya Jumapili vimekuwa vyekundu kwa vumbi. Majani yote yalikuwa yameng'olewa. Kibao kilikuwa mapajani, bado kimefungwa. Alikuwa amekwenda kwa zile picha, akiwaonyesha watu, nao wakamwelekeza. Alifika akaona mahali pamebadilika, akajiambia ni uzee wake umesahau. Mtoto wake hawezi kukosea.

Mbele yake walisimama watu watatu, mwanamke mrefu na wanaume wawili, dada na kaka zake.

"Mama, hatutaki fujo," mwanamke alikuwa anasema. "Tunatoka Likasi kila mwaka. Tunafika na kuchelewa, na kila mwaka tunakuta muntu alishalima kaburi ya papa yetu. Miaka sita. Mama yetu alikuwa analia juu ya ile, akakufa nayo mu roho. Utuambie tu. Njo weye deuxième bureau ya papa?"

Deuxième bureau, kwa wasiojua, ni mwanamke wa siri wa mume wa mtu. Wakamwuliza hivyo mama yangu, aliyefunga ndoa kanisani na hajawahi kuketi na mwanaume mwingine.

"Huyu iko bwana yangu," mama akasema. "Padri alitufungisha."

Wale ndugu wawili wakaangaliana. Mmoja akacheka kwa hasira. Mama akainua macho, akaniona nimesimama pale natoka jasho. Nilidhani atafurahi. Aliniangalia kama anayeogopa jibu.

"Papa yako alikuwa na bana bengine?"

Ndugu zangu, hapo ndipo lilipo ungamo langu. Hayo mengine yote ni njia ya kufikia hapa. Kaburi lililopotea, picha, sheria, ndoo iliyomwagwa, vyote vilikuwa uoga. Lakini pale niliona mlango umefunguka. Kama papa alikuwa na watoto wengine, basi kaburi ni lake, picha ni za kweli, na mimi ni mtoto mwema. Papa amekufa, hatanijibu.

Nikasema, "Sijui, mama."

Akainamisha kichwa. Akapitisha kidole juu ya kigae kimoja kilichovunjika. Halafu akasema kwa sauti ndogo, hata si kwetu, "Basi njo maana ya zile safari za Likasi."

Papa alikuwa anakwenda Likasi na treni kwa kazi. Kazi tu! Nilimwona mama anakaa pale chini anarudia maisha yake yote, mwaka kwa mwaka, na kila mwaka anautia doa. Nami nimenyamaza.

Kisha akafungua kikwembe, akamnyooshea yule mwanamke kibao. "Bandikeni jina yake," akasema. "Kama iko papa yenu pia, hapana mubaya. Alikuwa anapenda batoto."

Yule mwanamke akakipokea. Akasoma, akasoma tena. Hasira ikamtoka usoni.

"Mama, hii hapana jina ya papa yetu. Nani alikuonyesha hii kaburi?"

Mama akatoa simu. Akaanza kumwonyesha picha, ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, na katika ile ya mwisho kivuli changu kilikuwa kimelala juu ya vigae, jembe begani. Halafu wote wanne wakaniangalia.

Nikasema yote. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kaka mmoja alinishika kola, dada yake akamwachisha. "Acha. Utamupiga, kisha?" Akanigeukia. Hakupaza sauti. "Mama yetu alikufa na wivu ya bure. Weye njo ulimuua mara mbili."

Mama akasimama kwa shida. Nikamnyooshea mkono, akanipita, akamshika mkono yule mwanamke wa Likasi. Walimpeleka Kamalondo na gari lao. Mimi nilibaki pale mikono mitupu, watu wakisali kila upande.

Mchana, kama desturi inavyotaka, nilikwenda na kuku na kikwembe. Nilimkuta uani, ameweka miguu katika maji ya chumvi. Alipokea vyote. Kuku alimpikisha, akawagawia majirani mpaka mfupa wa mwisho, yeye asionje.

"Kaburi, muntu anaweza kuipoteza," akaniambia. "Majani inaota, mchwa inakula. Ungesema, tungelia, tungetafuta. Lakini miye nilikuuliza juu ya papa yako, ukasema huyui. Na ulikuwa unayua."

Nilipiga magoti. Akasema nisimame, nitachafua suruali.

Wiki iliyofuata niliwaambia madereva kila kitu, na Papa Kasongo nikamwomba radhi mbele yao. Nikaacha uprezida, wakamweka yeye. Sheria ya kufunga waliifuta, wakafuata shauri lake: sikukuu magari yanatembea kwa zamu, na kila dereva anapata saa zake za kwenda kwa wafu wake au kanisani. Mimi tarehe mosi sipokei zamu ya kupumzika. Sina kaburi la kwenda.

Mama anakwenda. Yule mwanamke wa Likasi anakutana naye kule asubuhi, anamwita mama, wanatafuta pamoja mstari kwa mstari katika majani. Mpaka sasa hawajapata. Vigae vya buluu wanavilima wote wawili.

Mwaka huu alipanda gari langu. Sikujua kama ataingia au atangoja linalofuata. Akaingia, akaketi kiti cha nyuma karibu na dirisha, kibao mapajani, akanyoosha nauli kama abiria yeyote. Convoyeur alitaka kumrudishia, akakataa.

"Chauffeur," akasema, "utaniachia ku makaburi."

Nikamwambia ndiyo mama, kwa sauti ileile ninayowajibu mama wote wanaopanda. Nikawasha gari. Njia nzima nilikuwa namtazama kwenye kioo, naye alikuwa anatazama nje.

Basi nakwambia wewe unayesoma. Gari likitembea au lisitembee siku ya sikukuu, hilo mtalijadili na mtapata njia, maana wote mna haki kidogo. Lakini ukimwona mtu amesimama mkutanoni anapigania sheria kwa moto mwingi, hasa kama mtu huyo ni wewe, uliza anamzuia nani asifike. Na kama umepoteza kaburi la baba yako, kaseme leo, wakati yule wa kukugombeza bado anakuita mwanangu.